Mama Hakuwa Kwenye Orodha ya Chakula

Swali la kwanza ambalo mama aliniuliza kuhusu ndege lilikuwa la chakula. Tulikuwa jikoni kwetu Kitengela. Yeye alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo, na mimi nilikuwa nimetoka saiba, kwenye kompyuta za intaneti za kulipia, na karatasi za tiketi mbili ambazo ndugu yangu alikuwa ametutumia kutoka Uingereza. Mke wake alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na ndugu yangu alitaka mama aende akamwone. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi niliyekuwa na likizo ya mwezi mzima, nilikuwa wa kumsindikiza.

"Hiyo ndege inakaa huko juu masaa mangapi?" mama akauliza.

"Masaa nane na kitu, Mwaitu." Hivyo ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama.

"Na mtu akisikia njaa?"

"Wanaleta chakula."

"Chakula gani?"

"Wali, kuku, nyama, hivyo vitu."

Akaacha kuchagua maharagwe. "Basi mwambie ndugu yako awaambie. Basi likisimama Emali naweza kushuka ninunue ndizi. Huko juu nitashuka wapi?"

Mama hakuwa anakula nyama. Kitengela nzima ilijua, maana katika mji ule ambao kila mlango wa tatu ni bucha, mtu asiyekula nyama hujulikana kama mtu mwenye kilema. Watu walisema ni mambo ya kanisa lake, lile la kuabudu Jumamosi, ambamo baadhi ya waumini hawagusi nyama. Mama aliwaacha waseme hivyo. Ukweli ni kwamba aliacha nyama miaka minne kabla ya kuingia kanisa hilo. Kanisa lilimpa tu jibu la kuwapa watu.

Baba yangu alikuwa na bucha karibu na steji ya matatu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Kitengela haikuwa na maghorofa. Ilikuwa barabara, maduka ya mabati, na vumbi la kiwanda cha saruji juu ya kila kitu. Baba alikuwa akienda Bisil siku za soko kununua mbuzi, mara nyingine hadi Mashuuru walikokuwa rahisi kidogo, na kurudi nao nyuma ya pikapu ya kukodi. Siku moja mchana, nikiwa na miaka kumi na sita, mtu alifika mbio kwenye bucha akasema pikapu imepinduka huku upande wa Isinya. Mama alinishika mkono. Ndugu yangu, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, tulimwacha kwa jirani. Dereva wa lori la kokoto alitupandisha bila kuuliza nauli.

Tulipofika, watu walikuwa wengi na hakuna aliyetutazama. Mbuzi walikuwa wametawanyika, wengine wamevunjika miguu, na watu walikuwa wanawachinja pale pale kwenye nyasi. Magari matatu yalikuwa yamesimama buti wazi. Mwanamume mmoja aliyevaa tai alikuwa amekunja mikono ya shati, anakata paja. Kulikuwa na mwanamke niliyemjua, mteja wetu, ameshika mfuko wa nailoni uliovimba, damu inadondoka kwenye viatu vyake. Hatua thelathini hivi kutoka pale, baba alikuwa amelala kando ya barabara akiwa amefunikwa shuka nyekundu. Mzee wa Kimaasai mwenye shuka hiyo alikuwa amesimama juu yake, kifua wazi, fimbo mkononi, akizuia watu wasimkanyage wakipita na nyama.

"Rudi nyuma!" alikuwa anapiga kelele. "Huyu ni mtu! Si mbuzi, ni mtu!"

Mama alipiga magoti. Mzee alingoja kidogo, kisha akamwambia kwa Kiswahili cha taratibu, "Mama, nimeomba hizo gari zote zimpeleke Kajiado hospitali. Nimeomba ile, na ile, na ile. Wote wanasema gari imejaa." Akaonyesha angani kwa fimbo, mahali ambapo jua lilikuwa yapata saa nzima kabla ya sisi kufika. "Jua ikiwa pale, alikuwa anapumua."

Huo ndio ulikuwa mwisho wa nyama katika nyumba yetu. Siku ya mazishi huko Machakos mama aliletewa sahani akaisukuma kando, na watu wakadhani ni huzuni. Bucha ilifungwa, akaanza kuuza mboga na nafaka sokoni, na kwa hizo mboga na nafaka akatulea. Usiku wa kwanza baada ya mazishi aliniambia jambo moja tu kuhusu yale tuliyoyaona: "Ndugu yako usimwambie. Mwache ajue baba alikufa ajali. Inatosha."

Nikanyamaza miaka kumi na tano.

Ndugu yangu alikua akijua baba alikufa ajali na mama ni mtu wa kanisa. Alipofika sekondari alianza kuudhika na kande na ndengu za kila siku. Alikuwa akienda kwa rafiki zake siku za Jumapili na kurudi akinuka mafuta ya choma, na mama hakuwahi kumkemea. Mimi pia nilikula nyama nje, nikiwa na walimu wenzangu, ila mimi nilijificha. Nilikuwa napiga mswaki kabla ya kuingia nyumbani. Ndugu yangu hakujificha, na sasa nikifikiria, huenda hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yetu.

Basi baada ya mama kuniambia, nilirudi saiba nikamwandikia ndugu yangu barua pepe. Nilimweleza kwamba mama asipoagiziwa chakula kisicho na nyama hatakula kabisa, na kwamba siku hizi ana sukari na anameza tembe, kwa hivyo hawezi kukaa na njaa. Nilimwambia aagize cha watu wawili, maana mbele ya mama sikuweza kula tofauti. Jibu lilikuja siku ya pili. Aliandika kuhusu baridi na makoti, na mwishoni neno moja: "Nimeshughulikia."

Mama hakuliamini neno hilo kama nilivyoliamini mimi. Siku ya safari aliamka usiku wa manane akapika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa tunayopika na maharagwe, akaujaza kwenye kopo la plastiki na kulifunga kwa leso. Tulikuwa tayari tumevaa, teksi iko mlangoni, nilipoliona limechomoza kwenye mkoba wake.

"Mwaitu, hii tutaiwacha."

"Kwa nini?"

"Wataichukua pale airport. Na kule wakikupata na chakula cha nyumbani wanakuweka kando, wanakuuliza maswali. Si chakula tumeagiziwa?"

Alinisogezea mkoba. "Wewe ndiye umesoma," akasema.

Nililitoa kopo nikaliweka juu ya meza. Ukweli ni kwamba sikuwa na hakika ya chochote nilichosema. Kilichoniongoza ni aibu: nilijiona nimekaa katikati ya Wazungu, mama yangu anafungua leso na kutoa muthokoi kwa vidole.

Kwenye ndege mama alikaa dirishani, mimi katikati, na upande wa njia alikaa mama mmoja wa Kihindi, mzee kidogo kuliko mama yangu, mwenye sweta begani na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitusalimu kwa Kiswahili cha madukani cha Nairobi. Mama alifurahi kupata mtu wa kumwelewa. Aliniuliza mara mbili kama akimeza tembe zake asubuhi ile ni sawa, nikamwambia ameze tu, chakula kinakuja. Akazimeza kwa maji aliyoletewa.

Baada ya muda mhudumu wa ndege, msichana wa Kizungu mwenye sauti ya upole, alikuja na trei moja mkononi kabla ya kitoroli cha chakula kufika. Ilikuwa na kibandiko juu ya kifuniko. Alisoma jina, mama wa Kihindi akaitikia, akapewa. Alipofunua, harufu ya dengu na bizari ya pilau ikatufikia. Wali mweupe, dengu, viazi vya bizari, chapati mbili ndogo.

"Hiyo ni ya watu wasiokula nyama?" mama akamuuliza.

"Ndiyo, mama. Mimi kuzaliwa mpaka sasa, hakuna nyama."

Mama aligeuka kwangu akatabasamu kama msichana. "Yetu inakuja sasa."

Haikuja. Kilichokuja ni kitoroli, na msichana yule akauliza kuku au ng'ombe. Nilimweleza kwa Kiingereza kwamba sisi wawili tuliagiziwa chakula kisicho na nyama. Akatoa karatasi mfukoni, akaipitia kwa kidole, akaomba nimwonyeshe vipande vya tiketi, akaipitia tena. Akasema ataenda kuuliza.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema tungoje."

Tulingoja hadi watu wote mbele na nyuma yetu walikuwa wanakula. Msichana aliporudi alichuchumaa kando ya kiti cha mama wa Kihindi ili tuonane macho. Alisema anasikitika sana. Hakukuwa na ombi lolote kwenye majina yetu. Chakula cha aina hiyo huombwa na anayekata tiketi, siku moja au zaidi kabla ya safari, na jikoni hupakia hesabu kamili ya walioomba. Hakuna cha ziada. Kilichobaki kwenye kitoroli ni kuku peke yake, lakini angeweza kutupatia mikate zaidi, na kama tungependa tungeweza kula wali wa pembeni na kuacha kuku.

Nilimsikia vizuri kabisa. *Hakukuwa na ombi lolote.* Mama alikuwa ananitazama mdomo.

"Kwani ndugu yako hakuwaambia?"

"Aliwaambia, Mwaitu. Ni hawa wamesahau."

Nilisema hivyo haraka, kama mtu anayeokota kitu kisivunjike. Mama alitikisa kichwa, si kwa hasira. "Watu wengi hivi, ni rahisi kusahau," akasema, akiwatetea watu ambao hawakuwa na kosa.

Trei mbili za kuku ziliwekwa mbele yetu. Kuku alikuwa amelala juu ya wali, mchuzi umeenea kote, hakukuwa na wali wa pembeni. Mama aliifunika trei yake tena kwa karatasi yake ya rangi ya fedha, kwa uangalifu. Alichukua mkate mdogo wa duara, akaula bila siagi. Keki hakuigusa kwa sababu ya sukari. Daktari wa Kitengela alikuwa amemtisha na mambo ya vitu vitamu hadi hakujua kwamba kuna saa ambapo vitu hivyo huokoa maisha. Mama wa Kihindi aliona yote. Chapati moja ilikuwa bado nzima kwenye trei yake, na viazi kiasi. Akaisogeza trei mbele yangu.

"Mama, chukua. Mimi nimeshiba."

"Mwambie asante, nimeshiba pia," mama akanijibu mimi, ingawa yule mama alimsikia mwenyewe. Kisha kwa Kikamba akaongeza kwamba mtu hali chakula cha mtu aliyejiagizia. Nilijua kiburi hicho. Ndicho kilichomwezesha kukaa sokoni miaka kumi na tano bila kukopa hata kibaba cha unga.

Akageukia dirisha na kufumba macho.

Nilikuwa na njaa. Tulikuwa tumetoka nyumbani alfajiri bila chai. Nilitazama lile paja la kuku kwa muda mrefu, nikasikiliza pumzi za mama hadi zikawa ndefu na sawasawa. Ndipo nikainua karatasi ya trei yangu upande mmoja tu, upande wa mbali naye, nikaanza kula nimeinamia trei. Nilikula upesi. Sikutafuna vizuri. Nilikuwa nimefikia mfupa mama aliposema, macho yakiwa yamefumbwa bado na uso umegeukia dirisha:

"Kula polepole, itakukwama."

Nilimaliza kwa sababu kuacha kungekuwa aibu ya pili. Mama wa Kihindi aliangalia mbele kabisa, kwa adabu.

Saa zilipita. Walileta tena vipande vya mkate vyenye nyama ya nguruwe katikati, mama akatikisa kichwa bila kufungua macho, na mimi mara hii nikakataa, kana kwamba ilisaidia kitu. Sijui nililala dakika ngapi. Nilichoamshwa nacho ni mkono wa mama wa Kihindi ukinipiga begani.

"Angalia mama yako. Angalia!"

Mama alikuwa analowa jasho. Midomo ilikuwa inatetemeka na mikono pia. Nilipomwita alinijibu kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Nilishikwa na hofu iliyonifunga ulimi, mimi niliyesoma.

"Huyu iko na sukari?" mama wa Kihindi akauliza. "Amemeza dawa na hakula? Bwana yangu alikuwa hivi hivi." Tayari alikuwa amefungua mkoba wake, ametoa peremende, ameimenya na kuitia kati ya meno ya mama yangu kama mtu anayemlisha ndege. Akabonyeza kengele ya juu. "Leta juisi! Sukari! Upesi!"

Msichana alikuja na juisi ya machungwa, na baadaye daktari mmoja abiria akaja kumpima mapigo. Ilichukua karibu nusu saa mama kurudi. Aliporudi aliona kifua chake kimelowa juisi akaanza kujifuta na leso, ameona haya. Alimwomba mama wa Kihindi msamaha kwa usumbufu.

Tuliposhuka aliletewa kiti cha magurudumu. Huyo ndiye mama ambaye ndugu yangu alimwona akitokea mlangoni baada ya miaka sita: anasukumwa, kitambaa kimemteleza kichwani. Alikuwa amemletea koti la sufi. Alipiga magoti mbele ya kiti akamkumbatia, na mama akaushika uso wake kwa mikono miwili.

"Nini imetokea?" akaniuliza juu ya bega la mama.

Mama akajibu kabla yangu. "Ni njaa kidogo tu. Wewe uliagiza vizuri, mwanangu. Ni watu wa ndege walisahau. Usiwalaumu."

Nilimwangalia ndugu yangu usoni. Alitazama sakafu. Hapo nikajua kwamba haikuwa kusahau.

Nilimngoja hadi asubuhi iliyofuata. Mama alikuwa juu na mkamwana na mtoto. Ndugu yangu alikuwa jikoni anachemsha maji, amevaa sare ya kazi.

"Uliniandikia umeshughulikia."

"Najua."

"Hawakuwa na kitu. Waliangalia orodha mara mbili."

Alizima birika kabla maji hayajachemka. "Dada, tuseme ukweli. Mama haogopi nyama. Anaogopa watu wa kanisa. Kila siku nakumbuka nikiwa mdogo, tunakula ndengu na jirani wanachoma, na yeye anasema Bwana asifiwe. Uliandika ana sukari, amekonda. Nikafikiria, huko juu hakuna mzee wa kanisa. Hakuna jirani. Nani angemwona? Wakimwekea kuku mbele yake na hakuna kingine, atakula, na atajua si dhambi. Ningejuaje angekataa hadi azimie?"

Alisema hivyo kwa upole. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alikuwa amemtegea mama yake njaa akidhani anamfungulia mlango.

Nilimwambia. Nilimwambia yote, nimesimama kwenye zulia dogo mbele ya sinki lake: magari matatu, buti wazi, mwanamume wa tai, mzee wa Kimaasai na fimbo yake. Nilimwambia jua lilikuwa wapi. Sikumwambia ili ajue. Nilimwambia ili imuumize, na nilitaja mambo ambayo hayakuwa ya lazima, kama viatu vya yule mwanamke mteja wetu.

Ndugu yangu aliketi. Akazungusha pete kidoleni.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja," akasema. "Sasa niko na ishirini na sita. Mmenificha baba yangu miaka hiyo yote?"

"Mama alikataza."

"Na wewe ukatii. Na mimi nikawa mtoto mjinga wa nyumba, nakula choma mbele yake Jumapili, na ninyi wawili mnaniangalia." Akainuka. "Ungeniambia, unadhani ningefanya nilichofanya?"

Niliwasha birika tena.

Alipanda juu. Nilisikia mlango, kisha sauti yake, kisha sauti ya mwanamume mzima akilia. Nilibaki jikoni na birika. Baada ya muda mama alishuka peke yake, amemshika mjukuu kifuani. Alisimama mlangoni akanitazama. Nilingoja anikemee. Mama yangu alikuwa hodari wa maneno akitaka. Nilishamwona akimfukuza dalali wa mahindi kwa sentensi mbili. Alinipita, akafungua kabati moja baada ya lingine hadi akapata dengu, akaanza kuzichagua ingawa zilikuwa za paketi na hazikuwa na mawe.

Tulikaa wiki tatu. Ndugu yangu alimpikia mama kila jioni, chakula kisicho na nyama, vibaya mwanzoni na vizuri baadaye. Walikuwa wakizungumza jikoni kwa sauti ya chini, naye akimuuliza habari za baba: alikuwa anacheka vipi, alikuwa anapenda wimbo gani. Nikiingia walikuwa wanaendelea, hawakunifukuza. Lakini mama hakugeuka kunishirikisha kama alivyokuwa akifanya maisha yangu yote. Mambo aliyokuwa akiyaweka kwangu aliyahamishia kwa ndugu yangu.

Siku ya kurudi, ndugu yangu alikuwa amepigia shirika la ndege simu mara tatu. Chakula kilikuja kabla ya kitoroli, jina la mama limeandikwa juu yake bila kosa hata la herufi moja, na changu pia. Mama alikula chote: wali, mboga, hata majani yale ya mapambo. Alipomaliza alipangusa mdomo.

"Ukifika mwambie ndugu yako asante," akasema. Basi. Alitazama dirisha hadi Nairobi.

Nyumbani maisha yaliendelea. Sitaki kusema kwamba mama alinichukia. Alinisalimu, aliniombea, alinitumia sukuma wiki kutoka sokoni nilipohamia nyumba ya kupanga karibu na shule. Alinizungumzia mvua, bei ya mahindi na mambo ya majirani. Lakini hakunipa tena jambo lolote la ndani. Nilipomuuliza habari za mguu wake uliokuwa ukivimba alisema uko sawa.

Mwaka ule wa ukame mkubwa, ng'ombe walipokuwa wakifa barabarani kuanzia Namanga hadi Kitengela, mwanamke mmoja wa kanisa lake alinikuta steji. Alinipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Alishtuka, akajaribu kurudisha neno mdomoni, lakini lilikuwa limeshatoka: mama alikuwa amelazwa Kajiado tangu Jumatatu, figo zimechoka, na kabla ya hapo alikuwa amehudhuria kliniki miezi minne. Wanawake wa kanisa walikuwa wakipokezana kumpeleka. Ndugu yangu, ng'ambo ya bahari, alijua tangu mwanzo.

Nilimkuta kitandani karibu na ukuta, amevaa sweta ya zambarau aliyonunuliwa na mkamwana. Nilishika mkono wake, nao ulikuwa baridi.

"Mwaitu, miezi minne? Mbona hukuniambia?"

Alinitazama bila chuki. Nadhani alikuwa amechoka mno.

"Nikuambie wewe," akasema, "halafu wewe umwambie nani?"

Aliishi wiki nyingine mbili. Ndugu yangu aliwahi kufika, mimi nilikuwa darasani mama alipokata roho, yeye alikuwa ameshika kichwa chake. Ni yeye aliyepanga mazishi, na aliagiza chakula cha waombolezaji kisiwe na kipande cha nyama. Wazee wa ukoo huko Machakos walinung'unika kwamba hawajawahi kuona mazishi ya namna hiyo. Alisimama akawaambia sababu, mbele ya watu wote, kwa sauti iliyotulia. Nilimsikiliza nikiwa nyuma, nimebeba sufuria ya wali. Aliisimulia vizuri kuliko mimi. Hakutaja viatu vya mtu.

Wanawake waliponiomba nami niseme neno kuhusu mama, nilisema alikuwa mchapakazi, na kwamba nyanya zake sokoni zilikuwa safi kila wakati. Wakaitikia amina. Nikarudi kupakua wali.